Beji Namba Kumi na Moja

Tandika, Temeke
4 Machi 2024

Marselino,

Wiki ya sita hii tangu uondoke, na mpaka leo najiuliza ni mtu wa namna gani anamwachia mlinzi funguo za yadi ya vyuma chakavu ya dada yake, kisha anapanda ndege. Funguo kwa mlinzi! Hata kikaratasi hukuacha. Anwani yako nimeipata kwa yule wakala wa Kinondoni aliyewapeleka. Nilikaa ofisini kwake saa tatu, na asingenipa ningelala palepale.

Sikuandikii ili nilie. Mie ndiye niliyekufundisha kushika gesi ya kukatia chuma, umetoka Newala na miaka kumi na tisa hujui tofauti ya shaba na bati. Sasa nasikia unakata nyambizi ya vita, iliyokuwa ikiendeshwa kwa nyuklia. Nikamuuliza wakala, "Ina tani ngapi?" Akacheka. Mtu anapeleka watu wakakate kitu ambacho hajui hata uzito wake.

Nijibu haya: tani ngapi, chuma gani, mko wangapi, na wewe unakata sehemu gani. Usinizungushe.

Ukuta wetu unaujua. Kila kazi kubwa iliyopita hapa, kipande cha kwanza alichokata mtu kwa mkono wake kimetundikwa, na jina, tarehe na uzito kwa rangi nyeupe. Boila ya mkonge ipo, kreni ya kiwanda cha pamba ipo, mabehewa yapo. Msumari mmoja tu ndio mtupu, wa lile tanki la petroli, na sitaki kuuzungumzia. Ila nyambizi, Dar nzima hakuna aliyeikata. Umejifunzia kwangu, kipande chako kinakuja kwangu. Si ombi.

Dada yako,
Editha

*

Kambi ya wafanyakazi
29 Machi 2024

Dada Editha, shikamoo.

Nisamehe kwa habari ya funguo. Asubuhi ile nilifika mpaka getini, nikakuona umeinama kwenye mizani umevaa shati la marehemu shemeji Gregori. Nikageuka, nikampa mlinzi funguo. Sababu unaijua, usinilazimishe kuiandika.

Simu walituchukulia siku ya kwanza, tutarudishiwa mkataba ukiisha, maana hii ni bandari ya jeshi. Barua wanazifungua, ila Kiswahili hawakijui. Wanaangalia kama kuna picha, basi.

Sasa majibu yako. Urefu mita 85, tani 4,000. Mafuta yake ya nyuklia yalitolewa miaka ishirini iliyopita, betri zilitolewa mwaka mmoja kabla hatujafika. Imeingizwa kwenye shimo kubwa la saruji, maji yakapampiwa nje, ikabaki imekaa juu ya magogo. Nje ina vigae vya mpira, tunavibandua kimoja kimoja kwa patasi, kwa sababu mpira ule na gundi yake vikishika moto hakuna wa kuvizima. Baada ya hapo inakatwa vipande vya mviringo, kama unavyokata boflo. Katika kila tani mia, tisini zinakwenda kuyeyushwa, zinakuwa nondo na mabati. Katikati ndipo kuna chumba cha kinu cha nyuklia, kimezungushiwa ukuta wa madini ya risasi, unene wa vidole vitatu, ili mionzi isitoke. Sie hatufiki huko. Mie niko kwenye pua, natoa vitanda, majiko na mabomba ya choo.

Tuko kumi na nne. Ninayeshinda naye ni Wilfred wa Ukonga. Anasema alizaliwa jirani na gereza, na kuwa upande wa nje wa ukuta ni bahati tu. Tunaingia pamoja, tunatoka pamoja.

Mlangoni kuna ubao wenye ndoano kumi na nne. Ukiingia unachukua beji yako, unaivaa kifuani, inapima mionzi uliyopata. Ukitoka unaitundika tena. Yangu ni namba kumi na moja. Kila mtu ana mgao wa mionzi wa mwaka, ni kumi kwa kipimo chao. Ukifikisha kumi unarudishwa kwenu. Ya kwangu mwezi huu imesoma 0.1. Ya Wilfred 1.6, naye anajisifu utadhani kafunga goli.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Msalimie Monica wako, mwambie mjomba anakula vizuri.

Mdogo wako,
Marselino

*

Tandika
20 Aprili 2024

Marselino,

Tisini katika mia, kwenye tani 4,000, ni tani 3,600. Zimebaki 400. Hakuna mtu duniani anayetupa tani mia nne, nami sijasikia unasema zinakwenda wapi.

La pili. Sikio lako la kushoto limekufa tangu siku ya tanki. Umewaambia? Kwenye chumba cha chuma, mtu akikuita kutoka kushoto utamsikiaje? Hapa yadini vijana walikuwa wanakugusa bega. Huko nani anakugusa?

Kipande sijakiona.

Editha

*

Kambi
21 Mei 2024

Dada, shikamoo.

Tani mia nne ni chumba cha kinu. Kinakatwa kizima, pande zote mbili zinazibwa kwa mabamba, kinakokotwa mpaka uwanja mmoja karibu na bahari. Nilipelekwa kuona. Vyumba kama hivyo vimepangwa safu, kila kimoja kikubwa kuliko nyumba yako ya Tandika. Nimehesabu ishirini na moja. Vitakaa miaka sabini ndipo mtu aruhusiwe kuvigusa. Atakayevikata hajazaliwa, na mama yake hajazaliwa.

Sikio sijawaambia. Wasingenichukua. Wilfred anajua, ananigusa bega.

Kipande hicho, nampa Revelian wa kundi lililotutangulia, mkataba wake umeisha, anarudi Mbagala. Ni chuma cha jiko la nyambizi. Nimekipaka rangi kisishike kutu njiani. Nimekipitisha kwenye mashine mara tatu, hakina mionzi hata chembe. Ni kipande cha kwanza, mkono wangu mwenyewe, naapa mbele ya Mungu.

Jumla yangu tangu nianze ni 0.3. Wilfred 5.2, sasa hajisifu tena.

Marselino

*

Tandika
17 Juni 2024

Marselino,

Revelian amefika, kakitoa kipande kwenye soksi. Kabla hajamaliza chai nilishakiweka mizanini. Gramu 855. Nikakitazama ukubwa, nikatazama mizani. Kilikuwa kidogo mno kwa uzito ule.

Nikajaza maji kwenye jagi lenye mistari, nikakizamisha. Maji yamepanda mililita 75. Chuma cha gramu 855 kingepandisha 110. Gawanya mwenyewe, utapata kumi na moja nukta nne. Chuma ni saba nukta nane. Shaba haifiki tisa. Nikachukua msumari nikakwaruza rangi yako, ukazama kama kwenye sabuni ya mche.

Risasi, Marselino. Unampelekea risasi iliyopakwa rangi mwanamke anayenunua betri kuukuu mwaka wa kumi na nane huu.

Usiniambie ni ya betri. Betri zilitoka mwaka mmoja kabla yako, umeandika mwenyewe. Tena risasi ya betri ni vibamba vyembamba vyenye vitundu. Hii ni nzima, unene wa vidole vitatu. Na ukuta wa risasi wa vidole vitatu uko wapi? Umeandika mwenyewe, barua ya Machi. Barua zako zote ziko kwenye faili.

Halafu hizo namba zako. Watu wawili, mlango mmoja, zamu moja. Mmoja 5.2, mwenzake 0.3. Ama Wilfred analala ndani ya kinu, ama beji yako haiendi unakokwenda wewe. Ni lipi?

Nimeshazika mume kwenye kazi hii. Nijibu ukweli, na safari hii usiupake rangi.

Editha

*

Kambi
9 Julai 2024

Dada Editha, shikamoo.

Ningeweza kukuletea kitasa cha mlango wa jiko. Nilikuwa nacho mkononi. Lakini ukuta wako unataka kipande cha kwanza alichokata mtu, na cha kwanza nilichokata huku ni hicho cha risasi. Kusema uongo niliweza. Kuutundika kwenye ukuta ule nilishindwa.

Niko kwenye chumba cha kinu tangu siku ya kwanza. Tunaondoa ukuta wa ndani kabla hakijazibwa. Beji haiko mbali, ipo palepale ubaoni kwenye ndoano yake. Kifuani navaa ganda tupu la beji ya zamani. Mtu wa mlangoni anatazama tu kama una kitu kifuani.

Usiniite mjinga kabla hujasikia. Anayeimaliza nyambizi nzima, pua mpaka mkia, anapewa cheti cha ukaguzi na kifaa chake: anakuwa mtu anayepima gesi ndani ya tanki, kisha anasema washeni au msiwashe. Kazi ya humu ni moja nukta saba kwa mwezi. Mara kumi na mbili ni zaidi ya ishirini. Mgao ni kumi. Ukivaa beji kwa haki, humalizi. Wilfred ameshafika saba, akigusa kumi anarudi Ukonga mikono mitupu.

Dada, siku ile ya tanki uliniambia limeoshwa. Lakini wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba hata nikiambiwa limeoshwa, nifungue, ninuse, ndipo niwashe. Sikunusa. Niliwasha, mfuniko ukaruka, ukamkuta shemeji Gregori ameshika ngazi. Miaka mitatu umenipikia, umenifulia, hujanilaumu hata neno. Ungenilaumu ningekaa. Kile kimya chako ndicho kilichonipandisha ndege.

Msumari mtupu ni wa jina langu. Nikirudi na cheti nitautundikia mwenyewe, halafu hapo yadini hakuna atakayewasha kitu sijakipima. Miezi sita imebaki. Nivumilie.

Marselino

*

Tandika
27 Julai 2024

Mdogo wangu Marselino,

Barua hii nimeiandika mara nne. Soma mpaka mwisho kabla hujasimama.

"Limeoshwa" nilisema mie. Halikuoshwa.

Maji Tandika yalikuwa yamekatika siku tatu. Boza la maji halikuja. Lori la mnunuzi lilikuwa getini linanguruma tangu asubuhi, na dereva anapiga honi. Nikahesabu: kujaza tanki, kulala nalo siku mbili, kumwaga, kujaza tena. Nikaona haiwezekani. Nikakwambia limeoshwa. Gregori alikuwa amesimama karibu, alijua maji hayakuwepo, alinitazama. Mume wangu hakuwahi kunibishia mbele ya vijana. Akaenda kushika ngazi.

Na ungenusa, ningekwambia ni harufu ya rangi. Jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni.

Unafikiri nilikuonea huruma miaka mitatu. Sikukulaumu kwa sababu nilijua wa kulaumiwa. Ukadhani ni wema, nikakuacha udhani, maana ilinifaa. Ukanawa mikono kwangu kila jioni ukiinamisha kichwa, nami nikakupakulia wali. Kipande cha mfuniko sikukiuza. Kipo chini ya kitanda changu, kilo mbili na gramu 300, kimefungwa kwenye khanga.

Kwa hiyo cheti hukihitaji. Hukuua mtu.

Vaa beji yako kesho asubuhi. Ikifika kumi watakurudisha, njoo mikono mitupu. Sitakusubiri getini. Nitakusubiri uwanja wa ndege, na utaniambia lolote unalotaka mbele za watu.

Dada yako,
Editha

*

Kambi
19 Agosti 2024

Mama Monica, shikamoo.

Mimi ni Wilfred. Najua wakala ameshakupigia. Nakuandikia yale ambayo hakukwambia.

Ilikuwa Jumanne tarehe 6, saa nne asubuhi. Cheche iliingia kwenye mpira uliobaki nyuma ya mbavu za nyambizi, na gundi ikashika. Moshi mweusi, huoni kiganja chako. King'ora kikalia, tukakimbia, kila mtu akatundika beji yake ubaoni kama tulivyofundishwa. Msimamizi akahesabu beji, moja mpaka kumi na nne. Zote zipo. Akapaza sauti kwamba wote wako nje. Mimi nilikuwa nimeinama natapika. Niliposikia "wote" nikamshukuru Mungu.

Wakafunga milango, wakafungulia gesi ya kuzimia moto. Gesi hiyo inafukuza hewa yote humo ndani ili moto ukose pumzi.

Niliponyanyuka nikamtafuta. Nikaiona beji namba kumi na moja kwenye ndoano. Mama, nilijua beji ile haijawahi kushuka pale. Nilijua tangu Februari. Nikapiga kelele, nikamshika msimamizi mkono. Akanionyesha ubao. Nikamwambia ubao ni uongo. Akamwita mwingine anitulize. Zilipita dakika arobaini ndipo wakafungua.

Alikuwa nyuma ya ukuta wa risasi, upande ule ambako king'ora kinamjia kwa kushoto. Nadhani hakukisikia mpaka moshi ulipomfikia. Kila siku nilikuwa namgusa bega tukitoka. Siku ile nilimtangulia.

Barua yako ilifika tarehe 8. Wao waliikata bahasha kwa mkasi kama kawaida, lakini hakuna aliyeisoma, na mimi sikuisoma. Naituma pamoja na hii. Beji yake wamekwenda kuipima, imesoma 0.9.

Nisamehe.
Wilfred

*

Tandika
14 Septemba 2024

Wilfred,

Sanduku lilifika. Karatasi ya uwanja wa ndege imeandika kilo 131. Mara ya kwanza tangu nianze biashara, niliona uzito nikageuza karatasi. Tumemzika Newala, jirani na Gregori.

Wakubwa wenu wameniandikia. Wanasema marehemu hakufuata utaratibu wa beji. Wanasema pia, ili nifarijike, kwamba mionzi aliyopata kwa kipindi chote ni 0.9, haifiki hata sehemu ya kumi ya mgao, na afya yake ilikuwa salama. Namba safi, imepigwa muhuri. Ningekuwa mtu mwingine ningeiamini.

Wewe ulijua beji haishuki, ukanyamaza. Nilikuchukia siku tisa, sikufichi. Siku ya kumi nikakumbuka kwamba na mie nilijua. Ndoano kumi na nne aliniandikia Machi. Kwamba ukitoka unatundika, aliniandikia Machi. Kwamba beji yake ipo ubaoni muda wote, aliniandikia Julai. Mie niliyegawanya gramu kwa maji nikaukamata uongo wake kutoka Temeke, sikuviweka hivyo vitatu pamoja. Nilikuwa nahesabu mionzi. Nilipaswa kuhesabu watu, na hiyo ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili.

Na hilo bega, usilibebe peke yako. Sikio lile halikufa kwa bahati mbaya.

Barua uliyonirudishia ndiyo iliyoeleza hilo. Nilizima mizani, nikawaita vijana wote tisa wa yadi pamoja na Monica, nikawasomea nimesimama. Nilipofika penye maji kukatika, mmoja akavua kofia. Wawili hawajarudi kazini tangu siku hiyo, na sijawatumia mtu. Monica amehamia kwa shangazi yake Sinza. Shikamoo ananiamkia, kwa simu, halafu anakata.

Hapa siku hizi hatuhesabu kofia wala viatu. Kabla ya kuwasha, naita jina, nasubiri mtu aitike kwa mdomo wake, nimwone uso. Asipoitika, hakiwashwi kitu, hata lori lilale getini wiki nzima. Waambie huko, kama kuna wa kusikiliza.

Kipande chake kipo ukutani. Nimekikwangua rangi yote ikatoka. Nimeandika: Marselino. Risasi. Gramu 855. Chumba cha kinu.

Pembeni yake, kwenye ule msumari mtupu, nimetundika mfuniko. Vijana waliobaki walisimama nyuma yangu na brashi ikiwa mkononi mwangu, wanangoja waone nitaandika jina la nani. Nimeandika: Tanki la petroli. Kilo 2.3. Halikuoshwa.

Chini yake nimeandika la kwangu.

Editha